Nyuki Wasio na Asali

Nilianza kuwajua wakiwa wameshakufa.

Ilikuwa Aprili, mvua za Dodoma zinaaga, nyanya zangu zimechanua kuliko mwaka wowote tangu tuhamie huku, na kantangaze ameshaingia. Aliyewahi kulima nyanya hahitaji kuelezwa kantangaze ni nani: kile kidudu kilichoingia Tanzania mwaka 2014, kinachochora majani kama ramani, kikatoboa na tunda, kikakutangaza mtaa mzima kwamba umefilisika. Nikaenda duka la pembejeo, nikapewa chupa, nikaambiwa vifuniko viwili kwa bomba la lita 16. Muuzaji hakusema nipulize saa ngapi, na mimi sikuuliza. Nikapuliza saa nne asubuhi, jua limechangamka, maua yote wazi. Dawa ilipobaki kidogo kwenye bomba nikaona hasara kuimwaga, nikaimalizia kwenye mrehani wa pembeni na kwenye mbaazi za uzioni, ambazo hazikuwa na ugonjwa wowote.

Jioni mwanangu, wakati ule yuko darasa la nne, akaja jikoni na ungo.

"Mama, njoo uone nyuki wako."

Walikuwa kumi na mmoja. Amewaokota chini ya mashina mmoja mmoja, akawapanga mstari kama anavyopanga vifuniko vya soda. Watatu niliwatambua, nyuki wa asali wa kawaida. Nane waliobaki nikasema ni mainzi, au nyigu, maana kwangu nyuki alikuwa mmoja tu duniani: yule anayeuma, anayekaa mzingani, anayetengeneza asali. Kijana alikuwa ameshawakagua kabla yangu. "Huyu ana unga wa maua tumboni. Na hawa wana unga miguuni. Inzi habebi unga, mama."

Nikavaa miwani. Mmoja alikuwa mkubwa kama ncha ya kidole gumba, mweusi tii, amejifunga mshipi wa njano mgongoni. Wawili walilingana na nyuki wa asali, ila tumbo limezungushwa mistari ya buluu nyeupe inayong'aa kama upande wa ndani wa kombe la bahari. Watatu hawakuzidi punje ya mchele, rangi yao kijani cha bati, kama shanga. Mmoja alikuwa na manyoya chini ya tumbo, yamejaa chavua, ule unga wa maua, hadi amekuwa wa manjano upande mmoja. Na wa mwisho, mweusi, madoadoa ya buluu mwili mzima, mtu angedhani fundi rangi amemdondoshea akiwa juu ya ngazi.

Aina sita kwenye ungo mmoja, na wote nimewaua mimi, saa nne ya asubuhi.

Niseme kidogo mimi ni nani, ili msomaji asidhani ameingia kwa mtaalamu wa wadudu. Mimi ni mtumishi wa umma, kazi yangu ni mahesabu. Tulihamia Dodoma mwaka 2018, baada ya serikali kuamua mwaka 2016 kwamba sasa inahamia kweli kwenye makao makuu ambayo kwa maandishi yalikuwa makao makuu tangu 1973. Tukapata kiwanja Miyuji, tukajenga taratibu kama watumishi wanavyojenga. Nyuma ya nyumba nina bustani ya kawaida kabisa: matuta manne ya nyanya na biringanya, mchicha, maboga yanayotambaa yanakotaka, mrehani, mstari wa alizeti, mbaazi kando ya uzio, mlonge, mipapai miwili, na mbogamvilia mbele ya geti kwa ajili ya wageni. Maji tunanunua au tunangoja mgao. Hakuna kitu hapo ambacho jirani yangu hana.

Na huwezi kuishi Dodoma usisikie habari za nyuki. Ukienda Singida utapita Manyoni ukute asali kwenye chupa na madumu kando ya barabara, na kila muuzaji atakuapia kwamba yake imetoka vichaka vya Itigi na haijaguswa na sukari. Waziri Mkuu mstaafu Mizengo Pinda amehubiri ufugaji nyuki miaka mingi. Sera ya ufugaji nyuki tunayo tangu 1998, sheria tangu 2002, na kila tarehe 20 Mei inaadhimishwa Siku ya Nyuki Duniani. Yote hayo niliyajua. Lakini tukizungumza nyuki tunazungumza mzinga, tunazungumza ndoo za asali na kilo za nta. Hata methali yetu inasema fuata nyuki ule asali, na ndivyo tulivyofanya: tukamfuata mmoja mwenye asali, wengine wote tukawaita vidudu. Kumbe aina za nyuki zilizokwisha kupewa majina na wataalamu zimepita 20,000 duniani, na sehemu kubwa yao hawana mzinga, hawana malkia, hawana hata kijiko cha asali cha kumpa mtu. Jike anaishi peke yake, anajenga peke yake, anawawekea watoto chakula peke yake, kisha anakufa kabla hawajatoka. Nilipolisoma hilo nilikaa kimya. Nawajua akina mama wa namna hiyo.

Ule ungo nilikwenda nao kwa bibi wa jirani. Ni Mgogo wa hapahapa Miyuji, amezaliwa kabla hapajaitwa mjini, na uzio wetu ni minyaa tu, kwa hiyo yanayofanyika kwangu anayaona vizuri kuliko ninavyopenda.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Mbukwenyi. Umeniletea mboga?"

Nikamwonyesha. Akachukua wale wa kijani kwenye kiganja, akawapuliza kidogo, wakageuka. "Hawa ni wa ardhini," akasema. "Si ndio hao uliowamwagia maji ya moto?"

Hapo nikakumbuka. Mwezi Januari, baada ya mvua ya kwanza ya maana, uwanja wangu wa nyuma ulitokeza vitundu, kila kimoja na kichuguu chake kidogo cha udongo laini, kama mtu amechoma ardhi kwa spoku ya baiskeli. Nikahesabu zaidi ya thelathini. Nikajiambia ni mchwa au sisimizi wanakuja kwenye msingi wa nyumba. Nikachemsha sufuria mbili za maji. Bibi aliniona, hakusema neno, maana ana adabu ya kutomwingilia mtu uani kwake. Sasa alisema: "Wale wanakuja na mvua. Wanakaa wiki chache, wanakwenda zao. Hawajawahi kumuuma mtu hapa. Sisi tunafagia juu yao tu."

Kuhusu kufagia nitarudi. Nilitoka pale nimebeba ungo na aibu.

Mvua zilizofuata nikaanza kuwaangalia kwa makusudi. Kila Jumamosi, saa mbili hadi saa nne, kigoda, kaunta buku, na simu ya kupigia picha. Mhasibu ni mhasibu, kisichoandikwa hakipo. Mwezi wa kwanza nilikuwa na aina 24, nikaanza kujisifu ofisini. Kisha nikajifunza kutazama mabawa. Inzi ana mabawa mawili, nyuki ana manne, ingawa la mbele na la nyuma hushikana hadi unaona moja. Inzi ana macho yaliyojaa kichwa kizima na vipapasio vifupi kama nyusi. Nyuki vipapasio vyake ni virefu, vina kiwiko. Kuna mainzi yamevaa mistari ya nyuki makusudi ili ndege wayaogope, na yalikuwa yamenidanganya hata mimi. Halafu nikawatoa nyigu na dondora, ambao wana kiuno chembamba, mwili hauna manyoya mengi, na ukiwakuta wamebeba kitu ni kiwavi au buibui, si chavua. Hesabu ikashuka hadi 17. Iliniuma kama kukatwa posho. Lakini 17 zilikuwa 17 za kweli, kwenye kiwanja cha mtumishi.

Majina ya kitaalamu yapo, ya Kilatini, hayatamkiki ukiwa umeshika kikombe cha chai. Nyumbani tuliwapa majina yetu.

Yule mkubwa mweusi ni Seremala. Ndiye anayetoboa kenchi na boriti za baraza, tundu la mviringo sawasawa kama limepigwa kwa keekee, na chini unakuta unga wa mbao kila asubuhi. Fundi wangu wa paa aliniambia wanakula mbao na watanishushia nyumba, akataka fedha ya dawa. Hawali mbao. Anatafuna, anatema, anachonga chumba cha kulea watoto, basi. Nikapiga boriti rangi, kwa sababu hapendi mbao yenye rangi, na nikaning'iniza chini ya mlonge tawi nene lililokauka la mkrismasi. Mwezi wa pili lilikuwa na matundu matatu. Wapo pia wa njano tupu, wakubwa vilevile, wanaosimama hewani mbele ya uso wako wakikukodolea macho, na mwanangu aliwaogopa sana. Hao ndio madume yake. Wanalinda eneo. Ukiwatazama utadhani wana silaha, lakini dume la nyuki wa aina yoyote halina mwiba. Siku kijana alipolielewa hilo alikwenda akasimama mbele ya mmoja, pua kwa pua, wakatazamana kama mabondia siku ya kupima uzito. Dume ndilo lililoondoka.

Yule wa manyoya tumboni ni Fundi Cherehani. Huyu nitamweleza kwa kirefu, maana ndiye aliyenifanya niache kuona bustani kama mahali pa kuvuna tu.

Mbogamvilia yangu ilikuwa inatobolewa pembeni ya majani, vipande vya mviringo, safi, kama vya mashine ya kutobolea karatasi. Nilishawahi kuipulizia dawa ya viwavi kwa ajili hiyo. Asubuhi moja nikamwona mhusika. Akatua ukingoni mwa jani, akaukumbatia ukingo kwa miguu, nusu yake juu ya jani na nusu chini, akaanza kukata kwa taya huku anajizungusha. Hakati jani kama panzi anavyomega, anakata mstari. Kadiri anavyokwenda ndivyo kile kipande anachokikalia kinavyolegea, yaani anakata tawi alilokalia, jambo tulilofundishwa tangu utoto kwamba ni la mpumbavu. Lakini kabla tu ya mkato wa mwisho akawasha mabawa. Kipande kikaachia, naye akawa yuko hewani, amekikunja chini ya tumbo, anaondoka nacho. Kazi yote nilihesabu hadi kumi na mbili. Akarudi baada ya dakika nne, akakata kingine. Vingine alikata virefu kama yai, vingine mviringo kamili.

Nilimfuata hadi kwenye kipande cha mpira wa maji kilichosahaulika juu ya ukuta. Baadaye, mpira ulipokauka na kupasuka, niliona ndani. Vile virefu ndivyo kuta: amevipanga vikipandiana hadi vikawa kikombe kidogo mfano wa kijisigara. Ndani amejaza chavua iliyokandwa na maji ya maua, ametaga yai moja, kisha amefunika kwa vile vya mviringo, vitatu au vinne, vimeingia sawasawa bila rula. Halafu kikombe kingine juu yake, na kingine. Vilikuwa sita, vimepangana kama betri za tochi. Mtoto wa ndani hatamjua mama yake, lakini chakula chote hadi utu uzima ameachiwa. Nikarudisha mpira mahali pake, nikaufunga na kamba.

Mbogamvilia haijafa. Haijapunguza hata ua moja.

Wale wenye mistari ya buluu tuliwaita hivyohivyo, Mistari. Ndio wa nyanya. Nilikuwa nimetengeneza kibanda cha neti juu ya tuta moja, kwa ajili ya jua na kantangaze, na nilijivunia neti ile kupita kiasi. Ndani mimea ikastawi, majani mazito, maua tele, na maua yakaanguka. Tunda moja hapa, moja kule, dogo, limekunjamana. Nje, kwenye matuta ya jua kali na vumbi, vishada vimejaa. Nikaongeza mbolea. Nikaongeza maji ya kununua. Wapi.

Jibu nililipata kwa masikio. Ua la nyanya linaning'inia kichwa chini, petali zimepinda nyuma, na katikati kuna kitu kama pia ya watoto ya kuchezea, ya njano. Chavua imo ndani ya pia hiyo, na inatoka kwa tundu la nchani tu, kama chumvi kwenye kikopo cha mezani. Usipotikisa, haitoki. Nyuki wa asali hana ufundi huo. Akitua hapo anahangaika, anaokota kilichodondoka, anakwenda zake kwenye alizeti. Mistari anapokuja unamsikia kwanza akiruka, vuuu, sauti ya chini. Anaidaka ile pia kwa taya, anajikunja kuizunguka, na ghafla sauti inapanda: ziii, fupi, kali, ziii tena, kama simu iliyowekwa mtetemo juu ya meza. Mabawa hayapigi. Misuli ya kurukia inatetema peke yake, na mtetemo wote unaingia kwenye ua. Niliweka kidole kwenye kikonyo nikausikia. Wingu dogo la unga wa njano hafifu likamwagika tumboni mwake. Alipoondoka aliacha alama ya kahawia kwenye pia, jeraha dogo la meno, na tangu siku hiyo nikipita bustanini natazama alama: ua lenye doa la kahawia limeshatembelewa.

Kwenye neti hapakuwa na alama hata moja. Hapakuwa na upepo wa kutikisa, wala mlango wa nyuki. Nilipokunja pande za neti kuanzia asubuhi hadi saa sita, mambo yalianza kubadilika, na siku ambazo sikukunja niligonga kamba za kufungia mimea kwa kijiti, tuta zima, kila asubuhi kabla ya kazi. Bibi akachungulia kwenye minyaa. "Sasa nyuki ni wewe," akasema, na akacheka hadi akaketi.

Biringanya na nyanya chungu nazo ni hivyohivyo, zinataka mtetemo. Mbaazi zinataka kitu kingine: nyuki mwenye uzito kidogo, atue kwenye mdomo wa chini wa ua, ushuke, chavua imbandike tumboni. Hapo ndipo Seremala na Fundi Cherehani wanapokula. Alizeti haichagui, kichwa kimoja saa tatu asubuhi nimewahi kukuta aina tano, pamoja na wale wa kijani wa bibi.

Na yule wa madoadoa ya buluu? Tulimpenda kuliko wote kabla hatujamjua. Mzuri, hana haraka, habebi chavua. Nikashangaa anawalisha nini watoto wake. Ikabidi kumfuata, na kila mara alinipeleka palepale, ukingo wa udongo nyuma ya tangi la maji, ambapo Mistari wanachimba vyumba vyao. Anaranda chini, anachungulia tundu hili, anachungulia lile, mwenye tundu akitoka tu kwenda kutafuta, yeye anaingia. Anataga yai lake kwenye chumba cha mwenzake na kuondoka. Mtoto wake ndiye atakayekula ile akiba. Mwanangu alipewa kazi ya kutafuta jina, akaandika kwenye kaunta buku: Mpangaji Asiyelipa Kodi.

Wapo na wadogo kabisa, weusi, milimita tatu hivi, ambao mtu wa Dodoma anawajua kwa kero. Msimu wa kiangazi ukifanya kazi shambani wanakuja machoni na puani kutafuta jasho na chumvi. Hao wanaishi kwa pamoja, wana malkia, na wana asali kidogo yenye uchachu ambayo watu hununua kwa bei ya dawa. Hawana mwiba wa kuumia. Kwenye ufa wa ukuta wetu wa stoo wametokeza mrija wa nta, mwembamba kama wa kunywea juisi, na mlangoni kuna vichwa vitatu au vinne vimekaa zamu. Bibi alisema wakati wa usichana wao waliwatafuta kwenye mashimo ya miti, wakafyonza asali kwa unyasi. Kati ya 17, hawa na wale wa mzinga tu ndio wenye kitu cha kulambwa. Kumi na tano waliobaki hata ukiwafuata mwaka mzima utarudi na njaa. Wanachokupa kiko kwenye sufuria ya mboga.

Sasa kufagia. Watu wa huku hawapendi nyasi karibu na nyumba, kwa ajili ya nyoka na usafi, uwanja unafagiwa asubuhi hadi unakuwa mgumu na mweupe. Mimi niliyetoka Dar es Salaam niliona ni ukame umewazoesha. Kumbe kwa nyuki wachimbaji uwanja wa namna ile ndio nyumba bora: ardhi tupu, yenye jua, isiyolimwa. Wataalamu wanakadiria takriban asilimia 70 ya aina za nyuki huchimba ardhini. Ufagio wa bibi unapita juu ya vitundu, unabomoa kichuguu, mwenyewe anakijenga tena ndani ya saa moja. Kinachowamaliza si ufagio. Ni maji ya moto ya watu kama mimi, na sasa ni pavingi, vile vitofali vya saruji vya kutandika uwanjani. Nyumba mpya Dodoma, geti la chuma na pavingi kutoka ukuta hadi ukuta, hakuna hata shilingi ya udongo iliyobaki wazi, halafu mwenye nyumba analalamika maboga hayashiki.

Hilo lilileta mjadala nyumbani. Mume wangu alikuwa ameshalipa malipo ya awali ya pavingi za uwanja mzima. Alinisikiliza vizuri, ni mtu wa kusikiliza, kisha akauliza: "Kwa hiyo gari lipite kwenye tope kwa sababu ya wadudu?" Tukafikia muafaka kama watu wazima. Njia ya gari na mbele ya baraza zipigwe. Nyuma ya tangi, na ukanda wa hatua nane kando ya minyaa, paachwe. Siku fundi alipokuja nilishinda nyumbani kwa ruhusa ya homa, maana mafundi nawajua.

Dawa sijaacha kabisa. Asemaye kantangaze anaondoka kwa maombi hajalima. Ila sasa kuna mtego wa beseni la maji wenye kivutio cha harufu kinachowanasa madume ya kantangaze, majani yaliyochorwa nayachuma mapema na kuyachoma, na ikibidi kupuliza napuliza jua likiwa limezama, tuta lenye ugonjwa peke yake. Kinachobaki kwenye bomba hakimaliziwi kwenye mrehani.

Saa hiyo ya jua kuzama ndiyo ilinionyesha jambo jingine. Madume ya Mistari hayana nyumba. Majike wanaingia kwenye vyumba vyao vya udongo, madume yanabaki nje, na giza likikaribia yanakuja kwenye vikonyo vikavu vya mrehani, yanajipanga moja juu ya jingine. Yanauma kikonyo kwa taya, yanakunja miguu, na kulala hivyo usiku kucha, yakining'inia kwa meno. Nilihesabu tisa kwenye kikonyo kimoja. Kijana akawamulika kwa tochi ya simu, hakuna aliyetikisika. "Wamefungiwa nje," akasema. Nikaacha kukata vikonyo vikavu.

Mwezi uliopita mume wangu alirudi kazini saa mbili usiku, akanipigia simu akiwa mlangoni. Funguo haiingii kwenye kitasa cha geti dogo. Ameipuliza, ameipaka mafuta ya kupikia, haiingii. Nikatoka na tochi. Tundu la kitasa lilikuwa limezibwa kwa jani la mbogamvilia, kipande cha mviringo, bado kibichi.

"Usichokonoe," nikamwambia.

Kimya kidogo upande wa pili wa geti. "Wiki ngapi?"

Nikamwambia wengine hutoka baada ya wiki chache, wengine hungoja mvua nyingine. Nikasikia anashusha pumzi, kisha viatu vyake vikazunguka kwenye pavingi, kuelekea geti kubwa.